Nani Atasimama Nyuma ya Madam Celina

Jumanne, 3 Juni 2025

Mwalimu Muthamia ameondoka. Barua ya uhamisho ilifika jana na leo asubuhi ametuaga paredini. Alisema neno moja tu kuhusu timu, "Msiniaibishe," kisha akaingia kwenye gari na magodoro yake.

Mechi za kaunti ndogo ni mwezi huu huu! Na hatuna kocha mkuu. Wamebaki wawili waliokuwa wakimsaidia. Mwalimu Njeru wa Kemia, ambaye alikuwa straika chuoni. Madam Celina wa Kilimo, ambaye alikuwa beki wa kati. Mwalimu Mkuu amesema wafundishe pamoja kwanza, halafu ataona.

Bweni zima linazungumzia hilo tu. Mimi nasikiliza. Wakianza kwa Kiswahili nafuata vizuri. Mazungumzo yakinoga wanaingia Kimbeere, na Kimeru changu kinanipa nusu ya maana. Nikishaelewa mzaha, wao wameshamaliza kucheka.

Tangu Januari niko hapa Siakago. Kule kwetu Kianjai, rafiki yangu Winrose angekuwa ameniuliza maoni yangu zamani.

Jumatano, 4 Juni

Ubishi mkali kwenye mabomba asubuhi. Ednah, nahodha wetu na straika, anasema kocha mkuu lazima awe mtu aliyecheza mbele. Timu hushinda kwa kufunga, basi. Beki kazi yake ni kuharibu kazi ya wengine, sasa atafundishaje watu kujenga? Ukipewa kocha beki utamaliza muhula kwa sare tasa.

Ciku, kipa, alimjibu mswaki ukiwa mdomoni. "Wewe mpira ukikupita unashika kiuno. Sisi ndio tunaokimbia."

"Nashika kwa sababu ni kiuno kizuri!"

Kicheko mpaka maji yakamwagika.

Nilikuwa na la kusema. Kwamba straika hucheza akiwapa mgongo wenzake, lakini beki wa kati anauona uwanja wote mbele yake, kila mtu na mahali alipo. Labda huyo ndiye amezoea kufikiria timu nzima. Halafu nikajipinga mwenyewe. Straika hukosa mara nyingi na bado anaamini mpira unaofuata utaingia. Beki akikosa mara moja, watu wanakumbuka mwaka mzima. Sasa ni yupi atakayemvumilia mchezaji aliyekosa? Yule aliyesamehewa kila wiki au yule ambaye hakusamehewa?

Niliyapanga vizuri kabisa kichwani, huku nikisuuza kikombe. Nilipoinua kichwa walikuwa wameshaenda kunywa uji.

Ijumaa, 6 Juni

Siku mbaya.

Tulicheza, Kidato cha Tatu dhidi ya cha Nne. Makocha wawili, kila mmoja upande wake wa uwanja. Mwalimu Njeru akipiga kelele, "Pandeni! Pandeni!" Madam Celina akisema, "Rudini!" Mabeki tulikuwa katikati, hatujui tumtii nani. Wengine walipanda, wengine walirudi. Mimi nilisimama.

Mpira mrefu ukaja. Nikaungoja. Kianjai uwanja una majani, mpira ukianguka unatulia, unauchukua polepole. Hapa ardhi ni ngumu na kavu kama sakafu. Uliruka juu ya kichwa changu! Nikaruka nikakamata hewa. Nilipogeuka, straika wao alikuwa ameshapita, Ciku amelala chini na mpira uko ndani.

Mwalimu Njeru alicheka, si kwa ubaya. "Nyingine inakuja, Kianjai! Sahau!" Yeye huniita kwa jina la kwetu. Madam Celina hakucheka. Alinitazama tu, muda mrefu.

Ednah akauliza kwa sauti, "Mmeru, kwani kwenu mpira hulala?"

Mpaka chakula cha jioni kila anayepita ananiuliza kama mpira umeamka.

Kwa jina langu, Kiende, naitwa kwenye rejista tu. Rejista na Madam Celina.

Jumapili, 8 Juni

Siku ya wazazi kututembelea. Nilipiga pasi sketi tangu jana.

Mama hakuja. Alimpigia matroni saa nne. Ati mwenzake kliniki ameugua, kwa hivyo ameambiwa akae zamu. Anasema pole. Anasema ametuma sabuni na mtu. Kutoka Dallas, mtaa wa Embu mjini, mpaka hapa si mbali, ndiyo sababu inauma zaidi. Angekuwa Kianjai ningesema ni umbali.

Simlaumu. Kazi hiyo ndiyo iliyotutoa kwetu, na ndiyo inayonilipia shule.

Nilijifanya nasoma chini ya veranda ya maabara. Mama yake Ednah alikuja na chapati kwenye ndoo, akawa anagawia kila mtu anayepita. Akaniona. "Na huyu mrefu ni wa nani?"

Ednah akasema, "Huyo? Ni Mmeru wetu."

Nikapewa mbili. Nilikula moja. Ya pili nimeiweka kwenye sanduku ingawa itakauka. Wetu, amesema.

Jumatatu, 9 Juni

Leo zamu yetu ya kulinda mtama. Shamba la Kilimo liko kando ya uwanja, na mtama umeanza kukomaa. Ndege wadogo wale, kwelea, huja kwa makundi asubuhi na jioni. Sijawahi kulinda ndege maishani. Kwetu tunalima mahindi na viazi, na adui ni fuko.

Kundi la kwanza liliposhuka nilifanya nilichoona ni sawa. Nilikimbia! Niliingia katikati ya mtama nikipunga sweta. Wakaruka. Wakatua upande wa pili. Nikakimbia upande wa pili. Wakarudi upande wa kwanza. Wenzangu walikuwa wamekaa chini kwa kicheko, wameshika mbavu. Nyuma yangu nilikuwa nimelaza mashina mengi.

"Anafuga au anafukuza?" mmoja akauliza.

Madam Celina alikuja akatazama yale mashina. Nilijua nitapewa adhabu. Akanishika bega, akanisimamisha kwenye kona penye tangi.

"Kiende, kaa hapa. Hii kona ni yako. Ukikimbia kule wanatua huku. Usiwafuate, wewe wanyime mahali pa kutua. Piga kelele, na umwambie mwenzako wanapoelekea."

"Nimwambie vipi, Madam?"

"Kwa mdomo."

Nikapiga kelele. Ilitoka ndogo sana. Akasema, "Tena." Ikatoka kubwa kidogo kuliko mwanzo. Akakaa pale pale na mikono nyuma, hakuondoka, mpaka ikatoka sauti ambayo hata mimi nilishtuka.

Kisha akasema kama mtu anayezungumza na mtama, "Ijumaa ulijua straika wao yuko wapi. Ulimwona kabla ya wote. Hukusema."

Ni kweli. Nilimwona.

Jumatano, 11 Juni

Mwalimu Njeru alikuwa na mkutano Embu, kwa hivyo mazoezi yalikuwa ya Madam peke yake. Hakuna kupiga golini hata mara moja! Ednah alinuna waziwazi. Saa nzima ni kusimama, kusogea, kurudi, kuita. Madam ameniweka katikati nyuma na kusema mimi ndiye nitakayepanga watu.

Mimi! Na wao hucheka namna ninavyosema "kushoto"!

Nilikuwa nageuka kila mara kuona kama kipa yuko. Madam akasimamisha mchezo. Akamwambia Ciku awe anasema "niko" kila mpira ukija, ili mimi nisigeuke. Beki anayegeuka amempoteza mtu wake.

Ciku alifanya kama mtu aliyeagizwa kufagia. "Mmeru, niko." "Mmeru, niko." Hakuna la zaidi. Lakini baada ya muda nikaona sigeuki tena. Mgongo wangu ulikuwa umetulia. Sijui niandike vipi. Tangu nije hapa mgongo wangu haujawahi kutulia.

Mazoezi yakaisha, na Ciku akapita bila kunitazama.

Nilimuuliza Madam tukikusanya koni, "Ulipokuwa ukicheza, ukikosa ulifanya nini?"

Aliokota koni nyingine. "Nilirudi mahali pangu."

Alhamisi, 12 Juni

Mwalimu Njeru aliniita baada ya Kemia. Ana furaha wakati wote, mtu huyu. Alisema, "Kianjai, nani alikuficha nyuma? Wewe una mbio. Mimi nikiwa mkuu, wewe ni winga. Nakupa ule upande wa kulia, unakimbia tu. Hakuna kufikiri, hakuna kupanga mtu. Ednah anangoja katikati."

Nikauliza, kwa adabu, na nikikosa?

"Utakosa! Mimi nilikosa penalti mbele ya chuo kizima. Kesho yake nilicheka na waliokuwa wakinicheka. Sasa niambie, nani atakufundisha kucheka? Beki?" Akagonga meza kwa chaki. "Kocha aliyecheza nyuma anafundisha woga. Anawaza watafungwaje. Mimi nawaza mtafungaje."

Nimefurahi siku nzima, na kufurahi kumenichanganya. Winga! Kazi ya mbio tu, bila kusema neno. Na mawinga hukaa na Ednah mezani, hupaka mafuta pamoja baada ya mazoezi na kuimba njia nzima. Nikiwa beki wa Madam nitakuwa nawapigia kelele watu wanaocheka sauti yangu.

Sasa najua jibu la swali lile la mabombani. Straika anasamehe haraka, kwa sababu anasahau haraka. Madam hasahau. Lakini alisimama na mimi kwenye kona ya tangi mpaka sauti ikatoka. Je, huko si kusamehe?

Jumamosi, 14 Juni

Mwalimu Mkuu amechoka na "pandeni" na "rudini". Ametuita wachezaji wote mbele ya ofisi. Timu itamchagua kocha mkuu Jumatatu saa za michezo, kwa mlolongo.

Mtu akaomba kura ya siri. Akakataa kabisa. "Mwaka jana mlipiga kura ya siri ya viranja, na kura zikazidi wanafunzi! Mtapanga foleni, nihesabu vichwa kwa macho yangu."

Walimu wenyewe hawatakuwepo, ili mtu asione haya. Mchezaji mmoja atasimama mbele kwa niaba ya kila mwalimu, uso ukutani, haruhusiwi kugeuka wala kuita watu. Wengine watapanga foleni nyuma ya wanayemtaka.

Kwa Mwalimu Njeru, Ednah. Alikuwa amesimama kabla sentensi haijaisha.

"Na kwa Madam Celina?"

Wengine walitazama viatu. Nilimtazama Ciku, naye akatazama mbali. Nikawaza, hata mmoja? Mwanamke wa watu siku hizi anaamka kabla ya kengele kumwagilia uwanja ili tusichubuke magoti!

Mkono ulikuwa juu. Wangu. Sijui nani aliuinua.

"Aa, Mmeru!" Ednah akasema, kama mtu aliyeibiwa. "Si wewe ni winga?"

Jumatatu, 16 Juni

Lazima niandike yote kabla sijasahau mpangilio.

Saa kumi. Ukuta wa stoo ya michezo. Ednah upande wa mlango, mimi upande wa pipa la maji. Nyuso ukutani. Kuna ufa kwenye ule ukuta, na siafu walikuwa wakiupanda. Mwalimu Mkuu akasema, "Anzeni."

Nikasikia miguu. Mingi, na yote ilikuwa ikielekea kwa Ednah. Kicheko, kusukumana, mtu akisema, "Nisongee." Nyuma yangu, kimya. Kisha kokoto zikalia. Mtu mmoja? Wawili? Au mtu alikuwa anapita tu kuelekea upande ule? Nilitega sikio mpaka likauma. Tumekatazwa kusema, kwa hivyo hakuna aliyesema. Shingo ilitaka kugeuka yenyewe. Niliwatazama siafu.

Mwalimu Mkuu akaanza kuhesabu foleni ya Ednah. Hakufika mbali.

Kelele ile — kama mtu anamwaga ndengu kwenye bati. Halafu mtu, "Ndege! Ndege kwa mtama!"

Sijawahi kuona kundi kubwa vile. Jua lilipungua. Foleni ilivunjika, wote tukakimbia. Na hawa ni wasichana waliokua wakilinda mtama tangu wakiwa wadogo! Lakini nadhani ule msisimko wa uchaguzi uliwapotosha. Wote waliingia kona moja, kwa miguu, wakipunga sweta. Kundi likainuka, likatua upande wa pili. Wakakimbia wote upande wa pili. Mwalimu Mkuu naye alivua kiatu akakirusha, na kikapotelea ndani ya mtama.

Nilikuwa kwenye kona ya tangi. Sikumbuki kufika pale.

"Ednah, kaa hapo! Hapo hapo! Usiwafuate! Wewe, nenda uzio! Kushoto! Kushoto kwako! Wanakuja kwako Ednah, piga kelele!"

Nadhani nusu ilikuwa Kimeru. Hakuna aliyecheka. Ednah alisimama pale nilipomwambia na kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Kundi likaja kwangu, likageuka, likakosa pa kutua. Nilikuwa nimeuacha upande wa nyuma wazi, nikataka kugeuka, na ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Niko!"

Sikugeuka. Wakapanda juu wote kwa pamoja, wakaelekea mtoni.

Madam Celina alifika mbio kutoka ofisini, chaki bado mkononi. Akautazama mtama. Ulikuwa umeliwa kidogo tu. "Nani aliwapanga?" Ednah alinionyesha kwa midomo.

Madam aliingia kwenye mtama kumtafutia Mwalimu Mkuu kiatu.

Uchaguzi umefutwa. Utarudiwa Jumatano.

Na mimi sijui nani alikuwa nyuma yangu ukutani, au kama kulikuwa na mtu. Shule nzima inajua isipokuwa mimi.

Jumanne, 17 Juni

Ningeweza kuuliza. Sijauliza. Kama hakuna aliyesimama, nataka siku moja zaidi ya kutojua.

Mwalimu Njeru alinikuta kwenye korido. "Kianjai! Kumbe una sauti! Winga mwenye sauti, hiyo ni bonasi." Kisha, kwa mara ya kwanza bila kucheka: "Hata ukisimama kule kesho, nafasi yako ya winga ipo. Usiogope." Ni mtu mzuri. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Chakula cha jioni, githeri. Ciku alikuja akakaa mwisho wa meza yetu, ambapo mimi hukaa peke yangu. Alichambua maharagwe mabovu akayapanga ukingoni mwa sahani. Nilitaka kusema asante kwa ile "niko" ya mtamani. Nikasema, "Chumvi imezidi."

Akasema, "Sana."

Mama alipiga kwa simu ya matroni. Aliuliza kama nimepata marafiki. Nilisema ndiyo. Akasema atakuja kuona mechi, zamu au si zamu. Akauliza nacheza nafasi gani.

Nikamwambia nitamwambia kesho.

Jumatano, 18 Juni

Naandika nikiwa kwenye ukingo wa uwanja, daftari juu ya goti. Mwalimu Mkuu bado anazungumza na mlinzi. Amevaa viatu vya kamba leo.

Ednah tayari yuko ukutani. Amegeuka mara moja, kinyume cha sheria, akanitazama na kusema, "Mmeru, ukija huku hakuna atakayekucheka." Alisema kwa upole. Nadhani alimaanisha.

Si lazima nisimame. Nilimuuliza Mwalimu Mkuu asubuhi, akasema naweza kukataa, na upande wa Madam ukikosa mtu basi mambo yameisha, Njeru ndiye mkuu. Kwa hivyo uamuzi uko kwangu. Nikikaa hapa hapa bila kufanya chochote nitakuwa winga. Nitaimba njia nzima kutoka mazoezini.

Madam Celina hayuko. Yuko ofisini kama inavyotakiwa. Lakini uwanja una maji. Aliumwagilia alfajiri hii pia, bila kujua kama kesho utakuwa wake.

Wengine wamekaa kwa vikundi, wanangoja. Ciku yuko peke yake karibu na lango la goli. Anafunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, anafunga tena. Huwa hachukui muda hivyo.

Mwalimu Mkuu amepiga makofi. Ananiita, kwa jina langu lote, kama kwenye rejista. Nimesimama, naandika nikitembea, mwandiko mbaya. Ukuta ule ule, upande wa pipa, siafu wale wale. Sitageuka. Nitasikiliza kokoto tu —